Dian Fossey: Aliishi na gorila miaka 18, akauawa na binadamu

Tangu mwaka wa 2025, ule ubishi wa wanaume 100 dhidi ya gorila mmoja ulipoanza kuzunguka mitandaoni, huku Eastlands haujaisha. Kwa kinyozi Umoja, kwenye foleni ya maji Kayole, kiti cha nyuma cha matatu ya Dandora, lazima utapata wasee wamegawanyika. Kuna wanaosema mia ni wengi, watamchosha tu. Kuna wanaosema ishirini wa kwanza wakishalala chini, themanini waliobaki watakumbuka ghafla kuna mahali walikuwa wanaenda.

Sina nia ya kuamua hiyo mechi. Nataka nikupe stori ya mtu aliyekaa mbele ya gorila kwa miaka, akashambuliwa mara kadhaa, na akajifunza nguvu za mnyama huyo kuliko yeyote kati yetu tunaopiga domo. Hakuwa na misuli. Alikuwa mwanamke mrefu, karibu futi sita, mwenye mapafu mabovu, mvutaji sigara, tena mwoga wa kupanda mahali pa juu. Akaenda kuishi mlimani.

Jina lake Dian Fossey.

Msichana aliyekataliwa na fizikia

Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 16 Januari 1932. Wazazi wake waliachana akiwa mdogo, mama akaolewa tena, na baba wa kambo akawa mtu wa masharti. Pesa zilikuwepo nyumbani, ukaribu ndio haukuwepo. Mtoto akatafuta marafiki kwa wanyama, hasa farasi.

Chuoni alitaka kusomea udaktari wa mifugo. Kemia na fizikia zikamkataa. Akafeli, akahama chuo, akabadilisha kozi, na mwaka wa 1954 akapata digrii ya kazi ya kuwasaidia wagonjwa na watu wenye ulemavu kurudia shughuli za kila siku. Mimi niliyeacha chuo katikati huwa nasimama kidogo hapa. Mtu ambaye leo hutajwa dunia nzima kila gorila wanapotajwa hakuwahi kupita mtihani wa kuruhusiwa kutibu hata mbuzi.

Akapata kazi katika hospitali ya watoto wenye ulemavu mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Ilikuwa kazi ya subira. Unakaa na mtoto anayeogopa watu, humlazimishi, unangoja akuzoee. Nadhani huko ndiko alikosomea gorila bila kujua.

Kichwani lakini alikuwa na Afrika. Pesa hakuwa nazo, kwa hivyo mwaka wa 1963 akachukua mkopo, takriban dola 8,000, akaja kutembea wiki saba. Ni kama mtu wa mtaani auze ploti yake ya Kamulu anunue tikiti ya ndege. Waliomjua walimwona amepotea.

Katika safari hiyo alifika Olduvai, Tanganyika, walikokuwa wakichimba Louis Leakey na mkewe Mary. Leakey alizaliwa hapa kwetu Kabete mwaka wa 1903 na alikuwa bingwa wa kutafuta mifupa ya binadamu wa kale. Dian hakuanza vizuri. Aliteleza akaanguka ndani ya shimo la uchimbaji, akaumia kifundo cha mguu, na kwa maumivu akatapika juu ya mabaki ya mnyama wa kale. Mtu mwingine angerudi hotelini. Yeye, na mguu wake uliovimba, akaendelea hadi Kongo, akapanda mlima Mikeno mpaka mahali paitwapo Kabara.

Huko aliwakuta wapigapicha wawili kutoka Kenya, Alan na Joan Root, waliokuwa wakipiga filamu ya gorila. Wakamchukua msituni. Akawaona: watu weusi wakubwa wa majani, wametulia, wanamtazama. Akarudi Marekani kulipa deni, lakini roho ilibaki mlimani.

Nairobi, Desemba 1966

Miaka mitatu baadaye Leakey alipita Louisville kutoa mhadhara. Dian akaenda kumwona baadaye akiwa na makala alizoandikia gazeti kuhusu safari yake. Leakey alikuwa na wazo lake la kitambo: ukitaka kujua binadamu wa kale waliishije, mifupa haitoshi, tazama pia jamaa zetu walio hai. Tayari alikuwa amemtuma Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe, Tanzania, mwaka wa 1960. Sasa alitaka mtu wa gorila. Digrii ya wanyama haikumhangaisha. Alitaka mtu mwenye macho na moyo wa kukaa.

Akamwambia Dian kwamba kabla ya kwenda huko mbali na madaktari, ni heri akatolewe kidole tumbo. Dian akaenda kweli akapasuliwa. Baadaye ikaja barua kutoka kwa Leakey kwamba haikuwa lazima, alikuwa anapima tu kama ana nia. Kwa mtaa hiyo tungeita madharau. Dian alikuwa ameshapona kidonda, akapanda ndege.

Desemba 1966 alikuwa Nairobi. Joan Root akamsaidia kununua vitu vya kambi. Likapatikana gari, Land Rover kuukuu, Dian akaliita Lily. Alipita Gombe siku chache kwa Goodall kuona kazi inavyofanywa, kisha akakata barabara kuelekea Kongo, Alan Root akimsindikiza na gari lake. Alan alimsaidia kusimamisha hema kule Kabara, akakaa siku mbili, akaondoka. Dian akabaki na mlima, na wafanyakazi wa Kikongo ambao lugha ya kuelewana nao ilikuwa Kiswahili. Cha kuokoteza mwanzoni, lakini kilimbeba. Mmoja wao, Sanwekwe, ndiye aliyemfundisha kusoma nyayo, jani lililokunjwa na kinyesi chenye joto.

Si mbali na hema lake palikuwa na kaburi. Alizikwa hapo Carl Akeley, Mmarekani aliyekufa mwaka wa 1926. Akeley aliwahi kuvamiwa na chui akamuua kwa mikono mitupu. Mwaka wa 1921 alikuja Virunga kuwapiga risasi gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, kisha dhamiri ikamsuta, akawa mstari wa mbele kutaka walindwe. Mbuga ya Virunga ilianzishwa mwaka wa 1925 baada ya kelele za watu kama yeye. Kwa hivyo mwanamume aliyemshinda chui kwa mikono alimaliza maisha yake akimtetea gorila. Hilo wale wa wanaume 100 hawakuambii.

Nguvu zenyewe ni kiasi gani?

Tuongee kuhusu misuli sasa, maana najua ndiyo umefuata.

Dume mkubwa wa gorila, yule mwenye manyoya ya kijivu mgongoni anayeongoza familia, anaweza kufika kilo 160 na hata kuzidi. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Kwa hivyo mfikirie kama mifuko mitatu na zaidi, lakini mifuko iliyo hai, yenye mikono mirefu kuliko miguu na meno ya chonge marefu. Wale vijana wa mjengo wanaopandisha mfuko mmoja mpaka gorofa ya nne, wanaume wa kweli hao, mikono yao ukiiweka karibu na ya gorila itaonekana ya mtoto wa shule. Na gorila hajainua chuma hata siku moja. Anakula majani, seleri ya mwituni, upupu, mbigili na machipukizi ya mianzi, siku nzima.

Hizo namba zinazozunguka mitandaoni, ati anainua kilo 800, ati ana nguvu za wanaume ishirini, zichukue taratibu. Gorila huwezi kumlaza kwenye benchi la jim ukamwambia sukuma. Tunachokijua vizuri kinatoka kwa sokwe, binamu yake mdogo. Zamani watu waliamini sokwe ana nguvu mara tano au zaidi ya binadamu. Mwaka wa 2017 watafiti wa Marekani walipima misuli ya sokwe yenyewe wakakuta kwamba, msuli kwa msuli wa ukubwa sawa, wa sokwe unashinda wetu kwa kama mara 1.35 tu. Sababu ni aina ya nyuzi. Sehemu kubwa ya nyuzi za msuli wa sokwe, kama theluthi mbili, ni zile za haraka, za kulipuka. Zetu nyingi ni za polepole, za kuvumilia.

Yaani mwili wetu uliuza nguvu ukanunua pumzi. Sokwe atakung'oa bega, lakini hawezi kukimbia kutoka Jogoo Road mpaka Thika. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia kilomita 42 kwa saa mbili na sekunde 35. Hakuna nyani, sokwe wala gorila duniani anayeweza kufanya robo ya hiyo kazi. Sisi ni wanyama wa kufuata polepole, wa kutoa jasho, wa kurusha kitu kutoka mbali, wa kupanga njama tukiwa wengi. Kumbuka hayo, tutayarudia.

Kukaa chini

Kabara hakukaa sana. Julai 1967 vita vya Kongo vilipanda mpaka mlimani, wanajeshi wakamteremsha na kumshikilia. Akafanikiwa kutoroka akaingia Uganda. Alishauriwa arudi kwao. Badala yake akazunguka mlima, akaingia upande wa Rwanda, na tarehe 24 Septemba 1967 akafungua kambi katikati ya milima Karisimbi na Visoke, mita 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Akaunganisha majina ya milima hiyo miwili akapata Karisoke.

Ni mahali pa baridi, mvua, matope na upupu. Mapafu yake yalikuwa yakimlilia kila mteremko. Gorila nao mwanzoni walimkimbia, maana binadamu waliyemjua alikuwa wa mkuki.

Hapo ndipo ujanja wa Louisville ulipofanya kazi. Aliacha kuwafuata akiwa amesimama kama bwana. Akawa anatembea kwa magoti na ngumi, anajikuna kama wao, anatafuna seleri yao, anatoa ile sauti nzito ya kooni wanayoitoa wakiwa wameridhika na chakula. Aliangalia chini. Alichora pua zao, maana kila gorila ana mikunjo yake ya pua kama wewe ulivyo na alama za vidole, na akawapa majina. Mengine yalikuwa ya Kiswahili: Rafiki, Simba, Macho, Kweli.

Na mashambulizi yalikuwepo. Dume akishtuka anapiga ukelele, anapiga kifua, anakuja mbio akivunja miti, kilo zote hizo zinashuka mteremko. Silika ya mtu ni kukimbia. Dian aligundua kwamba kukimbia ndiko kunakokuumiza. Ukibaki hapo hapo, ukashika mimea usianguke, ukajifanya mdogo, mara nyingi dume anasimama hatua chache mbele yako, anakutazama, anageuka. Zile mbio ni onyo. Anakuonyesha anachoweza kufanya ili asilazimike kukifanya.

Usifikiri ni malaika. Dian mwenyewe aliandika jinsi madume wanavyopigana kufa na kupona wakigombea majike, na jinsi dume mgeni anavyoweza kuua mtoto wa mwenzake. Nguvu hizo zina meno kweli. Lakini siku nyingi sana zinakaa tu, zimelala kwenye majani, na watoto wanazipanda kama bembea.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1970 dume kijana aitwaye Peanuts alimkaribia Dian akiwa amelala chali na mkono wazi. Akautazama. Akanyoosha vidole akagusa vya Dian, kisha akaondoka akipiga kifua kwa msisimko. Bob Campbell, mpigapicha kutoka Kenya, alikuwepo. Mkono unaoweza kung'oa mti mchanga uligusa mkono wa mtu kwa ncha ya vidole. Mwaka huo Dian alikuwa kwenye jalada la National Geographic, na dunia ikaanza kubadilisha picha ya King Kong iliyokuwa kichwani mwake.

Miaka michache baadaye akamaliza masomo ya udaktari wa falsafa Cambridge, Uingereza. Fizikia ya zamani ikabaki ikitazama.

Digit

Kati ya wote kulikuwa na mmoja aliyempenda zaidi. Alimwona mara ya kwanza mwaka wa 1967 akiwa mtoto wa miaka mitano hivi, kidole kimoja kimeumia na kukunjika. Akamwita Digit, yaani Kidole. Digit hakuwa na wa rika lake katika kundi la kucheza naye, kwa hivyo alizoea kumjia Dian, kunusa glavu, kugeuza daftari, kujilaza karibu. Picha yake ikawekwa kwenye mabango ya utalii ya Rwanda kuwaalika wageni.

Alipokua akapewa kazi ya ulinzi. Kundi likitembea, yeye nyuma.

Tarehe 31 Desemba 1977 majangili sita na mbwa wao walilikuta kundi lile likaguzi la mitego likiendelea. Digit akabaki nyuma akawazuia. Akapigwa mikuki mitano. Akamuua mbwa mmoja. Familia yake, pamoja na Simba aliyekuwa na mimba yake, ikapata nafasi ya kutoweka mlimani. Kisha akaanguka. Walimkata kichwa na mikono wakaenda navyo. Mwili ulipatikana tarehe 2 Januari.

Ukitaka jibu la ule ubishi wa kinyozi, hilo hapo. Hawakuhitajika mia. Walihitajika sita, mikuki, na mbwa.

Na mara nyingi hahitajiki hata mmoja. Majangili waliweka mitego ya waya ya kunasa swara. Gorila akipita akanaswa mkono, anafanya anachokijua, anavuta kwa nguvu zote. Waya ule kadiri unavyovutwa ndivyo unavyokaza. Anaukata kweli kwenye mti, lakini unabaki umezama kwenye nyama, mkono unaoza, na baada ya wiki au miezi anakufa. Mnyama dhaifu angekufa papo hapo. Huyu nguvu zake zinamchimbia kaburi polepole.

Kuna kingine Dian alichokiandika ambacho huwa kinanisumbua. Alieleza kwamba watu waliwaua madume wakakata masikio, ulimi, korodani na vidole vidogo ili kutengeneza sumu, dawa ya kienyeji ya kumpa mtu nguvu za gorila. Wengine walitaka kichwa na mikono viwe mapambo ya kuuzia wazungu. Na wageni waliotaka mtoto wa gorila wa kuweka zuu, wawindaji walilazimika kuua wakubwa wengi ili kumchukua mmoja, kwa sababu familia ya gorila haimtoi mtoto wake ikiwa hai. Mwaka wa 1969 Dian aliwauguza wawili wa namna hiyo, Coco na Pucker. Walipopona wakapelekwa zuu ya Cologne, Ujerumani, wakafia huko mwaka wa 1978.

Kwa hivyo gorila aliuawa hasa kwa sababu ana nguvu. Tulizitamani, tukazikata vipande.

Vita vyake mwenyewe

Baada ya Digit, Dian alibadilika. Alianzisha mfuko kwa jina la Digit wa kulipa watu wa kupiga doria na kuharibu mitego. Julai 1978 wakauawa Uncle Bert, kiongozi wa kundi, na Macho. Mtoto wao Kweli akafa na jeraha la risasi miezi mitatu baadaye. Dian alizika wote kwenye makaburi karibu na kibanda chake.

Hii sehemu nyingine filamu haikuisema vizuri. Dian aliwashika majangili akawapiga kwa upupu. Alichoma vitu vyao. Alivaa vinyago kuwatisha ajifanye mchawi. Alifyatulia risasi ng'ombe wa wafugaji. Aliwahi kumchukua mtoto wa jangili kama rehani. Wanafunzi wake wengine walimwogopa kuliko gorila.

Sisi wa huku mtaani tunalijua hilo jicho. Mtu mwenye pesa za nje anamchapa maskini kwa ajili ya mnyama. Watwa wengi waliokuwa wakiweka mitego walikuwa watu wa msitu huo tangu mababu, wakafukuzwa bila shamba. Na wakulima walibanwa. Mwaka wa 1969 sehemu kubwa ya mbuga upande wa Rwanda, karibu hekta 10,000, ilikatwa ikapandwa pareto ya kuuzia kampuni za dawa za wadudu za Ulaya. Jangili wa swara alikuwa mwisho wa mnyororo mrefu. Dian alimpiga aliyemfikia.

Hapo ndipo naona alipomwacha mwalimu wake. Miaka kumi gorila walimwonyesha nguvu inavyotumika: onyesha, simama, geuka. Yeye alipoumia hakugeuka. Simhukumu. Ukimpoteza unayempenda kwa mikuki mitano, sijui wangapi wetu tungetulia. Lakini kila fimbo ilimwongezea adui, na adui hao hawakuwa na haja ya kumvamia mchana.

Mwaka wa 1980 akaenda Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akaandika kitabu chake, Gorillas in the Mist, kilichotoka mwaka wa 1983. Angeweza kubaki huko akilipwa kuongea. Akarudi kambini, mapafu yakiwa yameisha kiasi kwamba aliwaona gorila mara chache kuliko zamani.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba 1985 mtu aliingia kwenye kibanda chake na kumuua kwa panga. Pesa ziliachwa. Alikuwa amebakiza wiki tatu afikishe miaka 54. Mfuatiliaji nyayo mmoja Mnyarwanda alikamatwa akafia jela kabla ya kesi. Mwanafunzi mmoja Mmarekani alihukumiwa akiwa hayupo, akiwa ameshaondoka nchini, naye amekana. Mpaka leo wengi hawaamini kwamba ukweli ulipatikana.

Hesabu ya mwisho

George Schaller, mtafiti aliyemtangulia pale Kabara, alikadiria mwaka wa 1960 kwamba Virunga ilikuwa na gorila 450 hivi. Mwaka wa 1981 walikuwa wamebaki kama 250. Dian alikuwa na hofu kwamba ifikapo mwaka wa 2000 watakuwa stori tu.

Mwaka wa 2018 ikatangazwa kwamba gorila wote wa milimani, Virunga na Bwindi ya Uganda, wamepita 1,000. Hawa ndio gorila ambao idadi yao imekuwa ikipanda. Dian angeshtuka kujua mojawapo ya sababu ni utalii, kitu alichokipinga kwa sababu aliogopa magonjwa na kelele. Hofu yake haikuwa ya bure. Mafua ya mtu yanaweza kuua gorila, ndiyo maana wageni leo huvaa barakoa na kukaa mbali. Kikohozi cha mtalii kinaweza kumwangusha mnyama ambaye wanaume mia hawana uhakika naye.

Sababu nyingine ni wale watu wa miguu. Wafuatiliaji nyayo, madaktari wa wanyama wanaopanda kutoa waya mkononi mwa gorila, askari wa mbuga. Upande wa Kongo pekee zaidi ya askari 200 wameuawa kazini kwa miaka mingi. Wengi ni vijana wa vijiji vya hapo hapo. Rwanda sasa hutoa asilimia 10 ya mapato ya mbuga kwa majirani wa mbuga, na kuna waliokuwa majangili ambao leo wanakula kwa kumwonyesha mgeni ngoma na nyayo. Kile fimbo ya upupu haikuweza, mshahara umeweza angalau kidogo.

Sisi Kenya hatuna gorila. Wa karibu zaidi utakaowafikia kwa matatu ni sokwe wa Ol Pejeta, Nanyuki, waliookolewa na kuletwa kuanzia mwaka wa 1993, wengi wakiwa yatima wa bunduki za watu. Ukienda utawatazama ukiwa nyuma ya ua wa umeme. Utatazama mikono ile na utaelewa ua ni wa kukulinda wewe. Kisha uliza wamefikaje hapo, na utaelewa ua ungehitajika upande gani.

Dian alizikwa Karisoke tarehe 31 Desemba 1985, miaka minane kamili tangu Digit auawe, kwenye yale makaburi ya gorila aliyoyachimba mwenyewe. Wamelala ubavu kwa ubavu, yeye na Digit. Mlima umemeza kibanda. Gorila bado hupita hapo wakila seleri.